Thamostati ya Gari: Usiitupe, Ichague kwa Akili

Kwa kawaida ukurasa huu huzungumza juu ya maji, mbegu, mifugo na afya. Leo tumeamua kuzungumza juu ya gari. Msishangae. Siku hizi vikundi vingi vya maendeleo na parokia nyingi zina gari: pikapu ya kupeleka mazao sokoni, gari la zahanati, basi dogo la shule. Gari la namna hiyo si la mtu mmoja, na likiharibika wanaoumia ni wengi. Mama mjamzito anakosa usafiri, nyanya zinaoza, chanjo zinachelewa.

Kitu tutakachoeleza ni kidogo sana, kinaenea kwenye kiganja cha mkono. Kinaitwa thamostati. Madereva wengi hawajawahi kukiona, na wengine wameambiwa hakina kazi katika nchi yetu yenye jua. Hiyo si kweli, na kosa hilo limewagharimu watu pesa nyingi.

YALIYOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja cha akina mama wa Bonde la Ufa kilichanga pesa kwa miaka mitatu kikanunua pikapu iliyotumika. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyanya na vitunguu Nairobi. Baada ya miezi michache gari likaanza kuchemsha. Dereva akalipeleka kwa fundi wa jua kali aliyekuwa karibu. Fundi akafungua, akatoa thamostati, akawaonyesha. "Hii ndiyo ilikuwa inawasumbua. Imekwama. Hii ni ya kule Ulaya kwenye barafu, hapa kwetu haina kazi. Endeni tu bila hiyo."

Kweli, siku hiyo gari halikuchemsha. Wakamlipa, wakamshukuru, wakaenda zao.

Lakini baadaye mambo mengine yakaanza. Asubuhi sindano ya geji ya joto ilikuwa haipandi hata gari likienda mwendo mrefu. Petroli ikawa inaisha haraka kuliko zamani. Mweka hazina alipopiga hesabu za mwezi akaona haziingiani, akaanza kumshuku dereva kwamba anauza mafuta njiani. Maneno yakaingia kikundini. Dereva akaapa kwamba hajaiba hata lita moja, lakini nani angemwamini?

Siku moja wakapakia gari nyanya mpaka juu, wakaanza kupanda mteremko wa Mai Mahiu. Walipopita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, sindano ikaanza kupanda. Kabla hawajafika juu, moshi wa maji ulikuwa umejaa mbele. Gasketi ya hedi ilikuwa imepasuka, na hedi yenyewe imepinda. Pesa zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya tangi la maji zikaenda kwa kusaga hedi na kununua gasketi. Nyanya ziliuzwa pale pale kando ya barabara kwa bei ya hasara.

Fundi wa pili, aliyeifungua injini hiyo, ndiye aliyewaeleza. Tangu mwanzo rejeta ilikuwa imeziba kwa uchafu. Thamostati nayo ilikuwa imekwama kweli. Dawa ilikuwa kusafisha rejeta na kuweka thamostati nyingine inayofaa. Kuitoa na kuacha mahali pake wazi kulileta magonjwa mawili mapya: injini ikawa baridi mno barabara ya tambarare, na moto mno mlimani. Petroli iliyopotea haikuibwa na mtu. Dereva akaombwa msamaha mbele ya wanachama wote.

THAMOSTATI INAFANYA NINI?

Ndani ya injini maji huzunguka ili kuondoa joto. Maji ya moto hutoka kwenye injini, hupita kwenye rejeta mbele ya gari, hupozwa na upepo, kisha hurudi. Pampu ya maji ndiyo inayoyasukuma. Thamostati ni mlango ulio katikati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa na maji huzunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto upesi. Injini ikipata joto lake, mlango hufunguka kidogo kidogo na maji huenda kwenye rejeta.

Mlango huu hauna waya wala haumtegemei dereva. Ndani yake mna kikombe kidogo cha chuma kilichojazwa nta maalumu. Nta ikipata joto fulani huyeyuka na kuvimba, ikasukuma kijiti, na kijiti kikafungua vali. Nta ikipoa husinyaa, na springi huirudisha vali mahali pake. Mtindo huu wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet mwaka 1934, na hata magari ya leo bado yanautumia.

Kwa nini injini inahitaji joto? Je, baridi si nzuri zaidi? Hapana. Injini imetengenezwa ifanye kazi vizuri ikiwa na joto la kama nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi. Ikiwa baridi, petroli haichomeki yote. Nyingine huteremka kwenye oili na kuipunguza nguvu. Mvuke wa maji nao hubaki ndani ya oili badala ya kutoka, na mwisho oili hugeuka tope. Vyuma husagika haraka. Injini ya dizeli hutoa moshi mweupe na kugonga. Ukitaka mfano wa nyumbani, fikiria mama anayepika ugali kwa maji ya vuguvugu. Kuni zitaisha na ugali hautaiva.

NI SAKAFU, SI DARI

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tusomeni polepole. Thamostati kazi yake ni kuzuia injini isiwe baridi kupita kiasi. Inaweka sakafu ya joto. Haiweki dari. Ikishafunguka yote imemaliza kazi yake, na kutoka hapo kupoza injini ni juu ya rejeta, feni, pampu, mkanda na maji yenyewe.

Kwa hiyo kama gari linachemsha kwa sababu rejeta imeziba, hata ukiweka thamostati inayofunguka mapema zaidi, halitapona. Litachelewa kuchemsha kwa dakika chache tu. Mlango umefunguliwa mapema, lakini chumba cha kupozea ni kile kile kilichojaa taka.

MBONA BILA THAMOSTATI GARI HUCHEMSHA MLIMANI?

Magari mengi, hasa ya Kijapani, yana njia mbili za maji. Moja inakwenda rejeta. Nyingine ni njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Thamostati ya magari hayo ina sahani ya pili upande wa chini. Mlango mkubwa unapofunguka, sahani hiyo huteremka na kuziba njia ya mkato, ili maji yote yaende kupozwa.

Ukiitoa thamostati, hakuna wa kuziba njia ya mkato. Sehemu ya maji ya moto itarudi kwenye injini kila mara ikiwa moto vile vile. Kwenye tambarare huwezi kujua. Lakini ukipanda mlima na mzigo, injini inatoa joto jingi, na maji yanayofika kwenye rejeta hayatoshi. Ndivyo ilivyokuwa Mai Mahiu.

KWANZA HAKIKISHA MGONJWA NI NANI

Kabla ya kwenda dukani, hakikisha thamostati ndiyo yenye makosa. Zipo namna mbili za kuharibika.

Ikikwama ikiwa imefungwa, gari huchemsha upesi, pengine baada ya dakika 10 au 15 tu tangu kuwashwa, hata bila mzigo. Injini ni moto sana lakini rejeta bado ni baridi.

Ikikwama ikiwa wazi, geji hubaki chini. Gari linachukua muda mrefu kupata joto, hasa asubuhi za Juni na Julai, na mafuta yanaliwa zaidi. Kama gari lina hita, upepo wake hauwi moto.

Jaribio rahisi ni hili. Injini ikiwa baridi kabisa, washa gari. Gusa kwa uangalifu mpira wa maji wa juu unaotoka kwenye injini kwenda rejeta, na ujihadhari na feni na mkanda. Katika magari mengi mpira huo hubaki baridi au vuguvugu kwa muda, kisha ghafla unakuwa moto. Hiyo ni dalili kwamba mlango umefunguka. Ukipata joto polepole tangu mwanzo, mlango labda uko wazi siku zote. Injini ikikaribia alama nyekundu na mpira bado ni baridi, zima gari, mlango umekwama. Lakini magari mengine yana thamostati upande wa mpira wa chini, na hapo mpira wa chini ndio wa kuangalia.

Angalia pia mambo mengine: mkanda uliolegea, feni isiyozunguka, maji yanayovuja, rejeta iliyojaa majani na wadudu kwa nje au kutu kwa ndani. Ukiona mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta, au oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imekwenda. Thamostati mpya haitaponya hiyo.

Onyo: Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yatakurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kuweka mkono juu ya rejeta bila kuungua.

NAMNA YA KUCHAGUA

Ukishajua kwamba ni thamostati, fuata mambo haya.

1. Jua injini yako. Usimwambie muuzaji, "Nataka thamostati ya Toyota." Ni sawa na kwenda duka la viatu ukisema, "Nataka kiatu cha mwanamume." Kwa mfano, Hilux za zamani zilikuja na injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, na za petroli kama 22R. Zote zinaitwa Hilux. Tena magari mengi yaliyotumika yamebadilishwa injini njiani, kwa hiyo usitegemee kitabu cha gari peke yake. Soma namba iliyo kwenye injini yenyewe, iandike, na uende nayo pamoja na namba ya chasisi. Chukua pia thamostati ya zamani mfukoni.

2. Angalia nyuzi za joto. Karibu kila thamostati imegongwa namba kwenye chuma chake: 76, 82, 88, 92 au nyingine karibu na hizo. Namba hiyo ni joto ambalo vali huanza kufunguka. Kufunguka yote huchukua kama nyuzi 10 hadi 13 zaidi, yaani ya 82 huwa wazi kabisa karibu na 95. Nunua namba ile ile aliyoitaka mtengenezaji wa gari. Usidanganyike na maneno ya kwamba sisi tuko nchi ya joto kwa hiyo tuweke ya chini. Mtengenezaji alipochagua 82 au 88 alikuwa akiangalia joto ambalo injini yenyewe inalihitaji. Hakuangalia hali ya hewa ya kijiji chako. Na usiamini tu namba ya ile ya zamani, maana huenda mwenye gari wa kwanza aliweka isiyofaa. Linganisha na kitabu cha mwenye gari au orodha iliyo dukani.

3. Pima umbo. Weka mpya na ya zamani pamoja mezani. Upana wa duara la juu uwe sawa kabisa. Tofauti ya milimita 2 inatosha kuharibu kazi, kwa sababu ikipwaya maji yatapita pembeni, na ikibana itapasua nyumba yake unapokaza bolti. Urefu pia uwe sawa. Kama ya zamani ina sahani ya pili chini, mpya nayo iwe nayo, kwa upana ule ule. Bila sahani hiyo umerudi kwenye shida ya Mai Mahiu.

4. Tafuta kitundu cha hewa. Thamostati nyingi zina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Hicho kinatoa hewa wakati wa kujaza maji. Kama ya asili ilikuwa nacho, usinunue isiyo nacho, maana hewa iliyonaswa chini ya mlango inaweza kufanya injini ichemke hata kama maji yapo.

5. Nunua mpira au gasketi yake pamoja. Wengine huokoa pesa kidogo wakarudisha mpira wa zamani uliokauka. Baada ya juma moja maji yanavuja.

6. Angalia ubora. Si lazima ununue yenye jina la kampuni ya gari. Wapo watengenezaji wanaojulikana wa thamostati, kama Tama na Nippon Thermostat wa Japani, au Wahler wa Ujerumani. Lakini jina kwenye boksi si uthibitisho, kwa sababu boksi linaweza kuigwa. Tazama chuma chenyewe. Namba iwe imegongwa wazi, si kuchorwa tu. Springi iwe ngumu, na chuma kisiwe na kingo za kukatakata. Iinue kuelekea mwangaza: vali iwe imeziba vizuri, mwangaza usipenye isipokuwa kwenye kile kitundu cha hewa. Ukinunua Kirinyaga Road Nairobi au kwenye duka la spea la mji wako, taka risiti, na mkubaliane kabla ya kulipa kwamba ikishindwa mtihani wa sufuria utairudisha.

7. Usinunue iliyotumika. Mlango wa gari au taa unaweza kununua ya gari lililovunjwa. Thamostati sivyo. Nta na mpira wake vinachoka, na huwezi kujua imebakiza siku ngapi. Tofauti ya bei ni ndogo, lakini hasara yake ni hedi nzima.

Wenye magari ya miaka ya karibuni wajue jambo moja zaidi. Katika mengi ya hayo thamostati imefungwa ndani ya nyumba yake ya plastiki, na nyingine zina waya wa umeme. Hapo hununui kidude peke yake, unanunua nyumba nzima, na ni lazima ifuate namba ya gari. Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikaonyesha P0128, maana yake injini haifiki joto lake. Mara nyingi ni thamostati iliyokwama ikiwa wazi.

MTIHANI WA SUFURIA

Hata ikiwa mpya, ipime kabla ya kuifunga. Ni kazi ya nusu saa jikoni.

Pata sufuria kuukuu, maji safi, uzi na kipimajoto. Mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari anaweza kuwaazima cha maabara. Msitumie kile cha zahanati cha kupimia homa. Kile huishia karibu na 42 na kitapasuka.

Fungua vali kidogo kwa vidole, pitisha uzi hapo, kisha uiachilie vali iubane. Ining'inize ndani ya maji kwa uzi huo, isiguse chini wala kando ya sufuria. Washa moto wa wastani na ukoroge maji taratibu. Vali ikianza kufunguka, uzi utaachia na thamostati itadondoka. Soma kipimajoto hapo hapo. Kwa thamostati ya 82, ikiachia kati ya 80 na 84, hiyo ni nzima. Endelea kuchemsha uone vali inafunguka kwa kiasi gani, kisha itoe, iache ipoe, uhakikishe imefunga kabisa.

Sasa tusikilizane vizuri sisi tunaokaa nyanda za juu. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni Mombasa, usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94. Limuru na Eldoret ni karibu 93. Timboroa ni kama 91. Ukiwasha kuni hata siku nzima, maji ya sufuria hayatapita hapo.

Maana yake ni nini? Thamostati ya 88 ukiipima Timboroa itaanza kufunguka tu, na maji yatakuwa yamekwisha kuchemka. Ya 92 haitafunguka kamwe. Mtu asiyejua atasema, "Hii ni feki," ataitupa, atanunua nyingine, na hiyo nayo itashindwa. Mwishowe atasema thamostati zote ni takataka, aende bila. Kumbe kidude ni kizima, ila maji ya mlimani hayafiki joto lake. Kwa hiyo huku juu angalia inaanza kufunguka saa ngapi. Usidai ifunguke yote ndani ya sufuria. Kama ni ya 92, ipelekeni kwa jamaa anayekaa bondeni au Pwani aipime.

KIFUNIKO CHA REJETA NI NDUGU YAKE

Mtu atauliza, kama maji huchemka kwa 93 kwetu, thamostati ya 88 itafungukaje yote ndani ya gari? Jibu ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima kina springi inayobana maji yasitoke. Mara nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hicho ndicho kipimo cha mbano wake. Maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Kwa kifuniko cha 0.9, hata Nairobi maji hayachemki mpaka karibu na nyuzi 115.

Lakini mara nyingi tunaona kifuniko kimepotea na mahali pake pamewekwa kitambaa na karatasi ya nailoni, au kifuniko cha gari jingine ambacho hakibani. Hapo maji yatachemka kwa 94 au chini yake, nyuzi chache tu baada ya mlango kuanza kufunguka. Gari litachemsha hata kama thamostati ni mpya kabisa. Kwa hiyo unaponunua thamostati, kagua na mpira wa kifuniko. Ukiwa umekatika, nunua kingine chenye namba ile ile.

KUIFUNGA NA KUJAZA MAJI

Injini ikiwa imepoa, punguza maji. Legeza bolti za nyumba ya thamostati na utazame ya zamani imekaaje kabla ya kuitoa. Kwa kawaida upande wa springi na kikombe cha nta hutazama injini. Ukiigeuza, nta haitapata joto na gari litachemsha siku hiyo hiyo. Kitundu cha hewa kiwe juu.

Kwangua gasketi ya zamani yote, lakini usichimbe chuma. Usijaze gundi ya silikoni nyingi, maana vipande vyake hukatika na kwenda kuziba rejeta. Kaza bolti kwa zamu na kwa kiasi. Nyumba nyingi ni za alumini au plastiki, na fundi mwenye mkono mzito huzipasua.

Jaza maji polepole. Acha kifuniko wazi, washa injini, weka hita kwenye moto kama ipo, na ungoje mpaka mpira wa maji uwe moto na mapovu yaishe. Ongeza maji yanapopungua, kisha funga. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia tena.

Juu ya maji yenyewe: maji ya kisima yenye chumvi hufanya ukoko mweupe kama ule unaouona ndani ya birika. Ukoko huo huiziba rejeta na kuikwamisha thamostati, hata ile mpya. Afadhali kutumia kulanti iliyochanganywa kama kitabu cha gari kinavyosema, kwa sababu inazuia kutu pia. Ukikwama njiani bila kulanti, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima. Lakini kumbukeni, kulanti nyingi ni sumu, na ina utamu unaowavutia watoto na mbwa. Usiiweke kwenye chupa ya soda, na usiimwage uani.

YA KUKATA NA KUWEKA NDANI YA GARI

– Gari likichemsha, simama, zima, ngoja lipoe. Usifungue kifuniko.
– Tafuta chanzo kwanza: rejeta, mkanda, feni, pampu, kifuniko, thamostati.
– Usiende bila thamostati, isipokuwa kufika gereji ya karibu, polepole na bila mzigo.
– Nenda dukani na namba ya injini na thamostati ya zamani.
– Nyuzi zile zile, upana ule ule, sahani ya chini ile ile, kitundu cha hewa, mpira mpya.
– Ipime katika sufuria, ukikumbuka mahali unapokaa.
– Andika kwenye daftari la gari: tarehe, kilomita, na namba ya thamostati iliyowekwa.

Hilo la mwisho msilidharau. Kile kikundi cha akina mama sasa kina daftari. Dereva anaandika lita anazojaza na kilomita alizokwenda, na mweka hazina anasoma kila mwisho wa mwezi. Mafuta yakianza kuliwa zaidi, hawaanzi kwa kumtazama mtu. Wanaanza kwa kutazama geji ya joto.

Tumekabidhiwa mali ya wengi, na uwakili mwema huonekana katika vitu vidogo. Katika Ufunuo, kanisa la Laodikia lilikemewa kwa sababu ya kuwa vuguvugu. Tusiache na injini zetu ziwe hivyo. Mungu awalinde barabarani.